Mkungu wa Shukrani

Kuzimia ni kazi ya heshima, nayo ina taratibu zake. Mzimiaji huchagua kwanza mahali pasipo na kokoto. Hutoa mlio mdogo, kwani mlio mkubwa huwatia watu shaka. Kisha huanguka kiubavu, asiangukie uso, kwa kuwa uso utahitajika tena kesho. Hizo ndizo kanuni za Candida, binti wa Mama Euphrasia muuza ndizi, msichana wa miaka kumi na sita aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Likizo yote alizitekeleza kwenye foleni za Kariakoo, akisaidiwa na jirani na shoga yake Zamda, ambaye cheo chake katika shirika hilo kilikuwa Mpiga Yowe Mkuu.

Ulikuwa mwaka wa foleni. Sukari ilipangiwa foleni, sabuni ilipangiwa foleni, na kuna watu waliopanga foleni kwanza na kuuliza baadaye kinauzwa nini. Na kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kusimama juani tangu alfajiri mpaka lori lifike, kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari, yeye akaenda kukaa kivulini. Jiwe likiwa pale, wewe uko pale. Mtu angeweza kukuibia kuku mkapatana, lakini kukusogezea jiwe, huyo mlizikana naye bila kusalimiana. Jiwe la akina Candida lilikuwa kipande cha kigae cha buluu kilichovunjika kona, na Mtaa wa Mchikichi wote ulikijua.

Jumanne ile sukari ilifika kwenye duka la ushirika. Kigae cha buluu kilikuwa nyuma sana, karibu na mtaro. Sukari yenyewe ilitakiwa kwa lazima, maana Jumapili Mama Euphrasia alikuwa na wageni. Shirika likakutana kwa dharura.

"Nikikohoa mara mbili, anguka," alisema Zamda.

"Na wewe usiseme nina mimba kama wiki iliyopita."

"Mimba iliharakisha huduma, shoga."

"Iliharakisha na maneno. Sema njaa."

Candida akaenda kusimama karibu na dirisha la duka, uso ameuvalisha huzuni ya mtu aliyefiwa na ukoo mzima. Alikuwa bado anachagua mahali pasipo na kokoto. Zamda alikuwa bado hajakohoa. Ghafla moyo wa Candida ukaanza kukimbia kama panya kwenye dari, mtaa ukavutwa kutoka chini ya miguu yake kama mkeka, na akaanguka palepale penye kokoto, kifudifudi, bila mlio wowote, kinyume cha kanuni zote za shirika.

Alipofumbua macho alikuwa kwenye mapaja ya mama asiyemfahamu, anapepewa kwa pindo la kanga. Zamda alikuwa anapiga yowe zuri kuliko mayowe yake yote. "Mtoto wa watu jamani! Njaa! Hajala tangu jana!" Wanaume wakaondoka kwenye dirisha wenyewe, sukari ikapimwa, ikafungwa kwenye gazeti, ikawekwa kifuani pa Candida kama nishani.

Wakiwa njiani kurudi, Zamda aliruka huku na kule kwa furaha.

"Leo umepatia mpaka nimeogopa! Hata midomo umeibadilisha rangi. Umefanyaje?"

Candida alikuwa amesimama mbele ya duka la vyuma akitazama kufuli kwa umakini mkubwa, kana kwamba ametumwa na serikali kuzikagua kufuli.

"Siri ya kampuni," alisema alipopata pumzi.

"Nifundishe."

"Hufundishiki wewe. Ulikohoa lini?"

"Sikukohoa. Uliniwahi."

"Basi ndiyo ufundi wenyewe," akasema Candida, na wakaendelea kutembea hadi kwenye duka lililofuata, ambako ilibidi azikague bawaba.

Hali hiyo haikuanzia kwenye foleni. Ilianza shuleni, kwenye mchakamchaka wa alfajiri. Wenzake walikimbia wakiimba, yeye akabaki nyuma, kisha nyuma zaidi. Alipoulizwa alisema analinda mkia wa jeshi dhidi ya adui, akapewa kazi ya kumwagilia mchicha. Muhula huohuo aliitangazia shule nzima msiba wa jogoo wa mwalimu mkuu, akaandaa na matanga, ilhali jogoo yu hai na anawika. Mtu wa namna hiyo akisema anaishiwa pumzi, nani ataacha kucheka? Naye hakutaka waache. Alisema moyo wake ni mhujumu uchumi, unaficha pumzi kusikojulikana, na bweni zima likacheka, na jioni akalala ameegemea sanduku lake la bati kwa sababu akilala chali alihisi kama mtu amemkalia kifuani.

Sasa hapa nyumbani alilala ameegemea gunia la mkaa lililofunikwa kanga. Asubuhi alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Kidole kikaacha shimo, na shimo likabaki, kama kwenye unga wa maandazi ulioumuka. Akavaa soksi. Dar es Salaam, mwezi wa Desemba, soksi.

"Una nini na soksi?" aliuliza mama yake.

"Nidhamu ya shule, mama."

Hapo lazima isemwe Jumapili ile ilikuwa ya nini, kwa sababu bila Jumapili hiyo Candida angesema mapema na hadithi ingeishia kwenye duka la ushirika.

Akiwa na miaka saba, Candida aliotwa na uvimbe shingoni, kisha kwapani, kisha akakonda hadi akaweza kupita kati ya nondo za dirisha. Ikasemwa ni saratani ya tezi. Akalazwa wodi ya watoto, akatundikiwa dawa nyekundu kama juisi ya ubuyu iliyoshuka mshipani tone kwa tone. Nywele zikaanguka zote. Mkojo ukawa mwekundu, na huo ndio uliokuwa utundu wake wa kwanza katika maisha: aliwaita watoto wa wodi nzima waje waone, akawaambia anageuka kuwa soda. Wawili walilia. Yeye akapona.

Siku ya kuruhusiwa, daktari mgeni mwenye ndevu aliongea kwa muda mrefu, na nesi akatafsiri kwa kifupi. Candida alikuwa chini ya kitanda akitafuta kandambili, akasikia yote. Dawa hii imeua ugonjwa. Lakini ni dawa kali, inaweza kuuchosha moyo, si leo wala kesho, pengine akishakuwa mkubwa. Mleteni kila mwaka tuusikilize.

Mama Euphrasia alimpeleka mwaka uliofuata, halafu basi. Hakuwa mzembe, mama huyo. Alikuwa na imani yenye utaratibu wake, wa kutoka kwao Kibosho. Ukishamshukuru Mungu mbele ya watu, misa imesomwa, wageni wamekula, huwezi tena kumrudisha mtoto hospitali akapimwe kama kweli kapona. "Mtu akupe zawadi," alisema, "umpigie magoti umshukuru, halafu uigeuzegeuze mbele yake kutafuta tundu? Una adabu wewe?" Na Candida, aliyezichukia sindano, aliona hiyo ni dini safi kabisa.

Badala ya hospitali ukaja mkungu. Wakati wa ugonjwa, siku moja ya kukata tamaa, mama alimtundika mwanawe kwenye mizani ya sokoni, kisha akatundika mkungu wa ndizi, na mkungu ukamshinda mtoto. Mama hakuisahau mizani ile. Kwa hiyo kila mwaka Mzee Anselmi, baba yake Candida aliyebaki Kibosho na migomba yake, alituma kwa lori mkungu mmoja bora, na Jumapili ya shukrani, baada ya misa, Candida aliubeba mbele ya wageni kutoka mlango wa uani mpaka meza kuu. Akiutua, vigelegele. Hiyo ndiyo ilikuwa hati ya afya, na mhuri wake. Mwaka huu ulikuwa wa nane, na kwa kuwa nusu ya umri wake sasa Candida alikuwa ameiishi katika uzima, mama alialika mpaka watu wa jumuiya ya Magomeni.

Jumatano Candida alikwenda sokoni kumwambia. Hilo ndilo lililokuwa kusudi. Mama yake aliuzia ndizi shimoni, yaani chini kabisa ya soko kuu, kwenye ubaridi na harufu ya matenga, na kushuka kulikuwa kazi rahisi. Alimkuta ameketi kati ya mikungu, anazibonyeza ndizi kwa kidole gumba mojamoja, akizigawa bila hata kuzitazama: hii ya leo, hii ya keshokutwa. Iliyobonyea ikabaki hivyo aliitupa kwenye debe la mbuzi.

"Mama, nikwambie kitu?"

"Niambie, lakini geuka kwanza uone." Mama alifunua gunia. Mkungu ulikuwa umelala pale kama ndama. "Umefika leo. Baba yako kasema huu aliulinda na kuulinda. Kasema, yule mtundu asipoubeba huu nitajua shuleni wanamnyima chakula."

"Mkubwa," alisema Candida.

"Mkubwa ndiyo. Mimi nilidhani sitakuona na matiti, mwanangu. Nilikuwa naenda kununua sanda." Mama alisema hivyo bila kuacha kubonyeza ndizi. "Haya, ulitaka kusema nini?"

Candida akafungua mdomo. Ukatoka utani. "Nilitaka kuuliza kama mkungu huu una kadi ya chama. Maana kwa unene huo lazima ni kiongozi."

Mama alicheka hadi akajifuta macho, na wauzaji wa jirani wakacheka, na Candida akaaga kabla hajaombwa kubeba kitu. Kupanda ngazi za shimoni kulimchukua muda ambao mtu mwingine angeutumia kupika maharage. Kila kikundi cha ngazi alisimama akawapisha watu kwa heshima kubwa, "Pita baba, pita mama, tangulia," mpaka mchukuzi mmoja akamwambia, "Binti, wewe umelelewa."

Hakuweza kutulia baada ya hapo. Alikaa, akainuka. Alitoka barazani, akarudi uani, akachambua mchele ambao ulikwishachambuliwa. Kulala hakuwezi, kusimama hakuwezi, na jambo lililokuwa kifuani halikukubali kukaa kimya wala kutoka. Alhamisi asubuhi alichukua kigae cha buluu, akamwambia Zamda anakwenda kuangalia foleni ya sabuni, akavuka Mnazi Mmoja kuelekea hospitali kuu, Upanga, mwendo wa polepole, akisimama kusoma kila bango lililo ukutani, hata la mwaka juzi.

Mbele ya mlango wa kliniki ya moyo alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Foleni ilikuwa ya mawe. Mawe, kandambili moja, kopo la maziwa, fimbo iliyolazwa. Wenye mawe walikaa kwenye benchi na chini ya ukuta, na kwa mara ya kwanza Candida akaisikia pumzi yake ikitoka kwa watu wengine: fupi, yenye haraka, kama ya mtu aliyefukuzwa na sasa anajifanya hakufukuzwa. Miguu yao ilikuwa minene kwa kuvimba. Kulikuwa na mzee mmoja aliyevaa viatu vilivyopasuliwa ubavuni ili miguu ipate kuingia.

Candida aliweka kigae mwisho wa mstari. Ulikuwa mstari mrefu. Shirika halikuwa na Mpiga Yowe siku hiyo, lakini mzimiaji mzoefu anaweza kufanya kazi peke yake. Akaangalia sakafu. Hakukuwa na kokoto.

"Usihangaike, mke wangu mdogo," alisema mzee wa viatu. "Hapa ukianguka wanakusogeza tu kando usizibe njia. Mimi nimeshaanguka. Jiwe langu lile kule, lilibaki palepale."

"Shikamoo babu. Nani kasema naanguka?"

"Marahaba. Umepima sakafu kama fundi. Mimi naitwa Bushiri, nilikuwa karakana ya reli Gerezani, najua kupima. Umemleta nani?"

"Mgonjwa."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Mzee Bushiri alimtazama soksi, akatazama kifua chake kinavyopanda na kushuka. Akasogea kwenye benchi. "Basi akae hapa akija," alisema. "Nimemshikia."

Candida akakaa.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani aliyeitwa Severine, mpole, asiyecheka. Alisikiliza kifua mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele kama mtu aliyesahau funguo. Akamtuma apigwe picha ya kifua, akamfunga nyaya, mashine ikachora vilima kwenye karatasi.

"Utotoni uliwahi kuugua nini?"

"Hakuna, daktari."

"Homa ya viungo? Magoti kuvimba, koo kuuma mara kwa mara?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa," alirudia daktari, akaandika, akakuna kichwa kwa kalamu. "Moyo wako umetanuka kuliko unavyotakiwa, na umelegea, hausukumi damu vizuri. Ndiyo maana maji yanabaki miguuni. Binti wa umri wako, na vali, milango ya moyo wenyewe, zinalia vizuri. Sielewi umetoka wapi ugonjwa huu."

Candida alikuwa na jibu la kuchekesha tayari. Lilikuwa zuri. Lilihusu chakula cha bweni. Akaliangalia linavyokuja ulimini, na akaona kwamba daktari huyu ataliandika, atampa vidonge vya ugonjwa mwingine, na yeye atarudi nyumbani akiwa amemchezea mtu wa mwisho aliyebaki.

"Dawa nyekundu," alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa na saratani ya tezi. Nilikuwa na miaka saba. Nilitundikiwa dawa nyekundu, hata mkojo ulikuwa mwekundu. Daktari alisema itauchosha moyo nikiwa mkubwa. Nilikuwa chini ya kitanda."

Daktari Severine aliweka kalamu chini. "Nilisoma habari zake," alisema, "lakini wengi niliosoma habari zao ni wa huko Ulaya. Watoto wetu waliopewa dawa ile hawakurudi kutuonyesha." Akavuta kiti. "Sikiliza, Candida. Saratani haijarudi. Nimepapasa shingo, nimeangalia picha. Ile imekwisha. Dawa ilifanya kazi yake, na ikaacha alama. Hizi tembe zitatoa maji, hizi zitausaidia moyo kupiga. Chumvi uache. Kukimbia uache. Usibebe kitu kizito, nasema hata ndoo. Na Jumatatu uje na mama yako."

"Mama yangu ana kazi nyingi."

"Jumatatu," alisema daktari. "Na mama."

Ijumaa na Jumamosi nyumba ilijaa. Wanawake wa jumuiya walimenya ndizi, pombe ya mbege ilichacha kwenye pipa, sukari ya kuzimia ikaingia kwenye chai. Candida alimeza tembe zake chooni. Mara tatu alimfuata mama yake jikoni na mara tatu akatoka na kichekesho kipya, mpaka mama akasema, "Umeamka na nini wewe? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Zamda naye alikuwa na mpango. "Kesho, ukiushika tu mkungu, zimia. Ile ya sukari. Wageni watachanganyikiwa, halafu unaruka, 'Nimewapata!' Watasimulia mpaka Krismasi ijayo."

"Mama atakufa."

"Atacheka. Mama yako anakujua."

Na huo ndio uliomkosesha Candida raha kuliko yote. Ulikuwa mpango kamili. Angezimia kwa uongo, mtu angebeba mkungu huku anacheka, na ukweli ungepita uani mchana kweupe bila kutambuliwa na yeyote. Hata kama angezimia kwa kweli, bado watu wangepiga makofi.

Jumapili, baada ya misa, uani hapakuwa na nafasi ya kutemea mate. Mama Euphrasia alisimama mbele ya meza kuu amevaa kitenge kipya, akapiga kijiko kwenye bilauri.

"Ndugu zangu. Mnanijua, sina maneno mengi." Watu wakacheka, maana walimjua. "Mwaka ule nilimpima mtoto huyu kwenye mizani ya shimoni, mkungu ukamzidi. Nikasema, Mungu wangu, kumbe ndizi zina bahati kuliko mwanangu. Leo mtaona nani anambeba mwenzake. Candida!"

Vigelegele vikapigwa. Candida akatembea mpaka mlango wa uani. Mkungu ulikuwa umesimamishwa pale, umefungwa utepe. Zamda, karibu na pipa la maji, alimkonyeza, akaweka mikono tayari mdomoni kwa ajili ya yowe.

Candida aliinama. Akalishika shina. Moyo ukaanza, panya darini, na pumzi ikakatikia kooni kabla mkungu haujasogea hata kidogo. Akauachia. Kulikuwa na kinu kimefudikizwa kando ya ukuta. Akakikalia.

"Sibebi," alisema.

Uani wote ukaangua kicheko.

"Ameanza!" alisema mtu.

"Mama, sichezi. Sibebi."

Kicheko kikazidi. Mzee mmoja wa Magomeni alijipiga paja. Mama Euphrasia alikuja amejishika kiuno, anatabasamu, anaangalia chini ya kinu na nyuma ya mlango, akitafuta ni wapi litarukia jambo lenyewe, chura au nini. Candida akavua soksi. Akanyoosha mguu.

"Bonyeza, mama."

"Nitarukiwa na nini?"

"Hakuna. Bonyeza kama unavyobonyeza ndizi."

Mama akapiga magoti, bado anatabasamu, akabonyeza kifundo kwa kidole gumba. Akaondoa kidole. Akasubiri nyama irudi juu. Alisubiri kama anavyosubiri shimoni, kichwa upande, na shimo likabaki palepale. Akabonyeza mguu wa pili. Tabasamu likamtoka taratibu, kama mgeni asiyejua aage vipi.

"Tangu lini?"

"Kabla sijaja likizo."

"Na umepanda ngazi za shimoni."

"Nimepanda."

Kicheko kilikuwa kinakufa, mtu mmoja mmoja. Mama alibaki amelishika lile shimo la mguuni kwa kiganja, kama anayelificha.

"Ile dawa nyekundu," alisema. Hakuwa anauliza. "Yule nesi aliniambia. Nilisikia vizuri. Nikasema Mungu hafanyi kazi nusu, nikienda kukagua nitamuudhi."

"Ile saratani haijarudi, mama. Nilikwenda Upanga, daktari kaniangalia. Ile ulishukuru sawasawa. Huu ni ugonjwa mwingine. Una dawa zake. Kasema Jumatatu niende na wewe."

"Ulikwenda peke yako?"

"Na kigae."

Mama Euphrasia aliinuka. Alikaza kitenge, akauinua mkungu wa Mzee Anselmi kwa mkupuo mmoja, akautia begani, akauvusha uani wote katikati ya wageni, akautua mezani hadi bilauri zikalia. Kisha akageuka, jasho linamtoka.

"Kuleni," alisema. "Shukrani ya mwaka ule iko palepale, sijaichukua. Kuleni, chai ina sukari."

Wakala. Polepole mwanzoni, halafu kama watu waliotoka Magomeni kwa miguu.

Zamda hakula. Alikuja akakaa chini kando ya kinu, mikono aliyoiandaa kwa yowe haijui pa kwenda.

"Ile ya sukari," alisema.

"Ndiyo."

"Sikukohoa."

"Hukukohoa."

"Na mimi nikakuambia umepatia." Zamda akaanza kulia kwa sauti mbaya isiyo na ufundi wowote. "Nikasema nifundishe!"

"Nyamaza, Mpiga Yowe Mkuu. Watadhani mambo yamekwisha, na mimi sijala mtori wa ndizi. Uniletee usio na chumvi."

Jumatatu kulikuwa hakujapambazuka vizuri Zamda alipochukua kigae cha buluu akatangulia nacho Upanga, mbio, kwa niaba ya shirika. Candida na mama yake walifuata nyuma. Walipofika mbele ya duka la kwanza, pumzi ya Candida ikaanza kufupika, na kabla hajapata bango la kusoma, mama yake akasimama yeye mwenyewe. Akaliangalia dirisha la duka. Ndani yake hakukuwa na kitu isipokuwa rafu tupu na paka amelala. Mama Euphrasia aliitazama ile rafu kwa umakini mkubwa, mkono kidevuni, kama mtu anayekusudia kuinunua.

"Rafu nzuri," alisema.

"Nzuri," alisema Candida.

Wakakaa pale mpaka pumzi iliporudi, wakaenda kutazama dirisha lililofuata.